Barua iliyompita mwenye chumba: kisa cha kupandisha ada katika makazi ya wazee, Mtwara

Jumatano mjomba wangu aliacha chai ya saa kumi. Ijumaa akakataa uji. Jumapili nilipokwenda kumjulia hali, mhudumu mmoja alinivuta pembeni, kwenye karo la nje, akaniambia kwa sauti ya chini: "Kaka, babu hali. Ukimuuliza anakwambia ameshiba, na sahani iko vilevile." Nikafikiria malaria. Muuguzi akampima, hana. Presha sawa. Meno alishayaaga siku nyingi, kwa hiyo si meno.

Jumatatu jioni, nikiwa nambadilishia shuka, kalenda iliyoning'inia juu ya kitanda ikadondoka. Nyuma yake kulikuwa na alama za penseli: mistari minne imesimama na wa tano umeikata, minne tena na wa tano, kisha miwili peke yake. Pembeni, kwa ule mwandiko wake wa kulalia kulia, ameandika: chai, uji, mkate, maji ya moto.

Mjomba alikuwa na miaka 84 mwaka huo wa 2024. Ujana wake wote aliumaliza bandarini Mtwara, karani wa kuhesabu mizigo, magunia ya korosho yakipanda melini yeye yuko na ubao wake anachora mistari mitano mitano. Sasa alikuwa anahesabu vikombe vyake mwenyewe.

"Mjomba, hesabu hii ya nini?"

"Si mmepandishiwa? Nimesikia jikoni, gharama zote zimepanda. Nami napunguza upande wangu."

Nilikaa kwenye kitanda na lile shuka mkononi. Mimi nilikuwa najua tangu wiki iliyopita. Nilikuwa nimeshajibu.

Kituo sikitaji. Ni cha mtu binafsi, kipo mjini Mtwara, katika nyumba iliyojengwa kuwa gesti wakati wa vuguvugu la gesi, pale kila mwenye kiwanja alipokuwa akipandisha vyumba vya kulala wageni. Wageni walipopungua, nyumba ikabaki na vyumba 13 na namba zake za shaba milangoni. Sasa kuna wazee 14, maana chumba namba 7 wanakaa bibi na babu, mke na mume. Namba za vyumba nimezibadilisha hapa, na vitu viwili vitatu vinavyoweza kumtambulisha mtu.

Najua swali linalokuja: mzee anakaaje kwa watu akilipiwa, ilhali ana ndugu? Nimeulizwa msikitini, nimeulizwa kwenye msiba. Makazi ya serikali yapo na hayatozi ada, lakini yamewekwa kwa ajili ya wazee wasio na wa kuwatunza. Mjomba ana watoto wawili Dar es Salaam na ana mimi. Alivunjika nyonga, mkewe ametangulia mbele ya haki, na kumwinua kitandani kunahitaji watu wawili wenye mafunzo. Mimi ni mmoja, tena ni karani wa hesabu, kazi yangu ni kukaa.

Barua ya kwanza

Ilikuja kwenye kundi la WhatsApp la ndugu wa wazee, Jumatatu ya tarehe 20 Mei, saa mbili usiku. Naiandika kama ilivyokuwa:

"Ndugu wadau, kwa heshima na taadhima tunapenda kuwajulisha kuwa kutokana na hali ya uchumi, gharama zote za kituo zitapanda kuanzia tarehe 01/06/2024. Ada mpya itakuwa Tsh 350,000 kwa mwezi. Tunashukuru kwa ushirikiano wenu. Uongozi."

Ada ya zamani ilikuwa 280,000. Ongezeko ni 70,000, yaani robo ya ada, na siku za kujiandaa zilikuwa 11. Majibu yalimiminika: "Sawa", "Tumepokea", "Mungu awabariki", viganja viwili vilivyounganishwa. La kwangu lilikuwa dole gumba. Nililituma nikiwa kwenye bajaji narudi nyumbani, nikaendelea kutafuta chenji ya dereva.

Kwa wasiojua desturi za kusini, dole gumba hilo lina uzito wake. Kwetu Wamakonde, kama ilivyo kwa Wayao, Wamakua na Wamwera, ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Huyu ndiye aliyekaa mbele kwenye posa yangu. Ndiye aliyesema shamba lile la mikorosho la Nanyamba lisiuzwe, na halikuuzwa. Mimi nikamjibia barua inayohusu kitanda anacholalia, bila hata kumwambia shikamoo kwanza.

Nimeisoma barua ile mara nyingi tangu siku hiyo, na kila neno lina ugonjwa wake. "Wadau" ni nani? Mdau ni mtu wa semina. "Hali ya uchumi" haimwambii mtu chochote anachoweza kukihoji. Lakini sumu yenyewe ilikuwa kwenye "gharama zote". Mwenye kituo alimaanisha ile ada moja ya mwezi, ambayo ndani yake mna kila kitu. Mimi nilielewa hivyo, kwa sababu namba ilikuwa imewekwa mbele yangu. Mpishi, aliyesomewa na mwenzake nusu nusu, akaelewa kwamba kila kitu kina bei yake sasa. Akalisema jikoni akimenya mihogo, mhudumu akalibeba hadi veranda, na lilipofika chumba namba 4, cha mjomba, lilikuwa limeshakuwa habari ya kikombe cha chai.

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 13, inaeleza ridhaa kwa maneno mepesi kabisa: watu wawili au zaidi wameridhiana pale wanapokubaliana juu ya jambo lilelile kwa maana ileile. Sikuwahi kuona mfano mzuri wa kinyume chake kama ile kalenda.

Waliopitwa

Nilipoanza kuuliza, nilitegemea kukuta wazee wote hawajaambiwa. Ndivyo ilivyokuwa. Ambacho sikukitegemea ni chumba namba 2.

Namba 2 anakaa mwalimu mstaafu, mama wa miaka 77, wote tunamwita Mwalimu. Hajapelekwa pale na mtu. Alikuja mwenyewe na begi lake, akasoma fomu mstari kwa mstari, akasaini. Analipa mwenyewe kwa pensheni yake. Mtu huyu hakuwa kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu kundi ni la ndugu, na yeye si ndugu wa mzee, yeye ndiye mzee. Aliyekuwemo ni binti yake aliyeko Dodoma, ambaye halipi hata shilingi, na ambaye alijibu "Sawa, tumepokea".

Kwa hiyo katika watu wote, mlipaji pekee anayeishi ndani ya nyumba ile ndiye hakuandikiwa. Pensheni yake ni 320,000. Kwa ada ya zamani alikuwa anabaki na elfu arobaini ya dawa zake, vocha na sadaka. Kwa ada mpya alikuwa anapungukiwa elfu thelathini, na tarehe mosi ilikuwa Jumamosi ile ile inayokuja.

Chumba namba 9 kuna bibi ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni. Mambo mazito anayasikia kwa Kimakonde. Mwanawe yuko kijijini Tandahimba na ana kitochi. WhatsApp haimhusu. Yeye hulipa kwa mafungu, fungu kubwa likija baada ya malipo ya korosho. Hakuna aliyempigia simu.

Namba 7, wale mke na mume, walikuwa na swali ambalo barua haikuligusa kabisa: chumba kimoja, ada mbili, je na ongezeko ni mara mbili?

Na namba 11 kuna mzee anayesahau. Ukimwambia jambo la kumtia hofu, hofu inabaki na jambo lenyewe linapotea. Huyo nitamrudia.

Hapa lazima nimtendee haki mwenye kituo. Fomu anazotumia zina sehemu moja tu ya saini, ya "mlezi". Kwa wazee 13 mkataba wake uko na sisi ndugu, na kisheria hakukosea kutuandikia sisi. Alikosea kwa Mwalimu, ambaye mkataba ni wake. Ila uhalali wa karatasi ni kitu kimoja na mzee kuacha kula ni kitu kingine, na mimi nilichokuwa nacho mkononi ni mzee aliyeacha kula. Umri peke yake hauondoi haki ya mtu kuambiwa mambo yake. Sheria hiyohiyo ya Mikataba inataka mtu awe ametimiza umri na awe na akili timamu. Haina mahali inaposema akishavuka miaka themanini asemewe.

Daftari la mwenye kituo

Nilikwenda kwake Jumanne na hasira. Alinikaribisha, akanipa maji, akafungua daftari. Hasira ikapungua ukurasa wa kwanza.

Wazee 14 kwa 280,000 ni 3,920,000. Mishahara ya watu wanane, yaani wahudumu watano, mpishi, mlinzi na muuguzi, ni 2,050,000. Chakula alikuwa anakipiga 2,800 kwa kichwa kwa siku, jumla 1,176,000. Pango 350,000. Umeme, maji, gesi ya kupikia na dizeli ya jenereta 300,000. Ukijumlisha, kinabaki 44,000. Hiyo ndiyo ya sabuni, dawa ya kufanyia usafi na tairi la bajaji ya kuwapeleka kliniki.

Kisha ikaja Mei. Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani mwanzoni mwa mwezi, barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi na Mtwara ilikatika upande wa Somanga, Kilwa. Aliyekuwa na mzigo aliusubiri, au aliuzungusha Songea. Mchele, mafuta ya kula, nepi za watu wazima, vyote vikaja na bei ya safari hiyo. Chakula kikapanda hadi 3,500 kwa kichwa, ongezeko la 294,000 kwa mwezi. Dizeli ikala 150,000 zaidi, kwa sababu umeme wetu wa kusini ulikuwa ukikatika kila mara. (Gesi ya Mnazi Bay inatoka hapa hapa nyumbani, na sisi tunawasha jenereta. Nayaacha hayo.) Na wahudumu hawakuwa wameongezwa mshahara tangu 2022, wawili walikuwa wameshaanza kuulizia kazi kwingine. Alitaka kuwapa wote wanane elfu arobaini kila mmoja: 320,000.

Jumla ya mahitaji mapya: 764,000.

Nikatoa simu nikapiga hesabu. Gawa kwa wazee 14, unapata 54,600 hivi. Kwa nini basi 70,000?

Alinyamaza kidogo. Akageuza ukurasa. Familia tatu zilikuwa hazilipi kwa wakati, mbili kati ya hizo miezi mitatu mfululizo. Alikuwa amegawa kwa 11. Sabini mara kumi na moja ni 770,000. Daftari lake lilikuwa linafunga sawasawa kabisa.

Hapo ndipo nilipoona kisa chenyewe. Ndani ya ongezeko la elfu sabini, elfu kumi na tano hivi zilikuwa za kubeba madeni ya wengine, na hakuna aliyeambiwa. Mwenye kituo hakuwa mwizi. Aliona aibu kuwaandika wadaiwa, akaficha shida ndani ya neno "uchumi". Na neno lile likawafanya wazee wote, hata wale ambao familia zao zinalipa kabla ya tarehe mosi, wajione mzigo. Nilimwambia hivyo, kwa adabu, maana ni mkubwa kwangu. Akasema, "Mwanangu, ningeandika nini? Kwamba fulani hajalipa? Wangeuana."

Alikuwa na hoja. Majina hayaandikwi. Lakini mstari unaosema kituo kina malimbikizo, na kwamba malimbikizo yatafuatiliwa kwa njia yake na hayatatiwa kwenye ada ya wengine, huo unaandikika.

Siku kumi na moja na msimu

Nilikuwa nimesoma kuhusu utaratibu wa Marekani. Huko vituo vya kulelea wazee na wagonjwa vinavyopokea malipo ya Medicare na Medicaid, mifuko ya serikali ya kulipia matibabu, vinabanwa na kanuni za serikali kuu: bei ya huduma ambazo mifuko hiyo hailipii ikibadilika, mkazi aarifiwe kwa maandishi angalau siku 60 kabla. Kanuni hizo zinamtaja mkazi mwenyewe, na zinataka taarifa impate kwa namna na lugha anayoielewa. Nilimsomea mwenye kituo. Akacheka: "Marekani hakuna Tandahimba."

Ni kweli, na kwa mtazamo wangu siku 60 zingekuwa chache kwetu, au nyingi, kutegemea zimeangukia wapi. Ukimpa mkulima wa korosho siku 60 kuanzia Mei, zinaishia Julai, wakati fedha yake yote imeingia shambani, kwa vibarua wa kupulizia dawa mikorosho. Ukimpa siku 60 kuanzia Oktoba, minada ikiwa imeanza, hizo zinamtosha na zinabaki. Hata hivyo msimu wenyewe si wa kuwekea kiapo. Wengi hapa wanakumbuka 2018, serikali iliponunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo yakachelewa hadi watu wakakata tamaa. Kwa hiyo mtu wa Tandahimba akikwambia "nitalipa korosho zikilipwa", anakwambia ukweli wote alio nao.

Hili halimo kwenye kanuni ya mtu yeyote. Anayetoa notisi kusini anatakiwa ajue fedha ya kila mlipaji inaingia lini: pensheni mwisho wa mwezi, mshahara vivyo hivyo, korosho Novemba na Desemba, ufuta katikati ya mwaka.

Barua ya pili

Tulikutana Jumapili ya tarehe 2 Juni, verandani, wazee wakiwa kwenye viti vyao vya plastiki na ndugu tukikaa mkekani na kwenye ngazi. Ndugu waliofika walikuwa tisa. Mwenye kituo alisema kwanza kwamba ongezeko la Juni limesimamishwa. Kisha akasoma rasimu ya barua mpya, ambayo tuliiandaa pamoja usiku wa kuamkia siku hiyo na mimi nikijiona mtaalamu.

Mwalimu aliomba karatasi. Akavaa miwani, akatoa kwenye mkoba kalamu nyekundu. Sijui mtu aliyestaafu miaka kumi na saba anafanya nini na kalamu nyekundu mkobani. Akakata "wadau". Akakata "tunapenda kuwajulisha", akasema hakuna anayependa. Alipofika kwenye "gharama za huduma" akainua macho: "Huduma ipi, mwanangu? Ya kunilisha au ya kuniinua? Mimi siinuliwi na mtu." Wazee wakacheka, mjomba akacheka hadi akakohoa.

Swali lile ndilo lililoleta mchanganuo. Tulivunja ada hadharani: chumba 90,000, chakula 105,000, yaani zile 3,500 kwa siku 30, uangalizi 140,000. Jumla 335,000, ongezeko la 55,000, bila kubebeshwa deni la mtu. Na mara tu namba zilipokuwa wazi, yule babu wa namba 7 akanyoosha mkono. Kama chumba ni elfu tisini, yeye na mkewe wanalipia vyumba viwili, na wanalalia kimoja. Mwenye kituo akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemleta nyoka ndani. Ndiyo gharama ya kuandika wazi: watu wanasoma. Ikakubalika wanaokaa wawili chumba kimoja walipe 60,000 kila mtu.

Bibi wa namba 9 alitafsiriwa na mpishi, yuleyule. Alisikiliza hadi mwisho, namba zote, akauliza jambo moja tu: je, mwezi ujao atalala pale pale? Hakuna kati yetu aliyekuwa ameliandika hilo. Tulifikiria fedha usiku kucha na bibi anafikiria mkeka wake. Barua ikaanzishwa upya, na mstari wa kwanza ukawa huu:

"Hakuna mzee atakayeondolewa au kuhamishwa chumba kwa sababu ya ongezeko hili kabla ya tarehe 31 Desemba 2024."

Kisha zikafuata ada ya sasa, ada mpya na mchanganuo wake. Sababu tatu kwa majina yake, chakula, dizeli, mishahara. Hatua mbili, 310,000 kuanzia tarehe 1 Agosti na 335,000 kuanzia tarehe 1 Desemba. Mstari wa malimbikizo. Na mahali pa kupeleka swali au malalamiko, kwanza kwa matroni, yule muuguzi wa kituo, kisha kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Mwishoni sehemu mbili za saini, ya mzee na ya anayemlipia.

Kuisambaza kulichukua siku nne. Kila mzee alisomewa chumbani kwake na matroni, mlango umefungwa, akaachiwa nakala yenye herufi kubwa. Wasiojua kuandika walitia dole gumba, la wino safari hii. Ndugu walipigiwa simu mmoja mmoja, na yule wa Tandahimba alitumiwa nakala kwa kondakta wa basi ndani ya bahasha.

Mzee wa namba 11 alileta ubishi kati yangu na matroni. Matroni alimsomea mara moja, na binti yake akiwepo, akakataa kurudia. Mimi, kwa moto wa mtu aliyekosa jana, nilisema haki ni haki, asomewe hadi aelewe. Matroni akaniuliza kama nimewahi kumbembeleza mtu saa nane za usiku anayelia kwamba anafukuzwa na hakumbuki nani kamfukuza. Sijawahi. Binti akasaini, mzee akaambiwa "binti yako ameshalipa", na ndivyo inavyosemwa kila akiuliza. Naona matroni alikuwa sahihi.

Yaliyobaki mabovu

Hatua mbili zilimpa nafuu mlipaji, lakini nafuu hiyo ilitoka mfukoni mwa mtu. Elfu thelathini za Agosti, hata zikilipwa kwa wazee wote 14, ni 420,000. Zinalipa ongezeko la chakula na sehemu kubwa ya dizeli, basi. Nyongeza ya mshahara wa wahudumu ilisubiri hadi Desemba. Waliambiwa, walikuwepo verandani, na mmoja wao, yule aliyenivuta kwenye karo, aliondoka Septemba kwenda kufanya kazi ya nyumbani Dar es Salaam. Tulipokuwa tunajipongeza kwa kuwapa ndugu muda, hakuna aliyemuuliza yeye kama ana muda. Ningerudia kikao kile leo, ningedai nyongeza yao ianze Agosti hata kama ni nusu.

Familia moja kati ya zile tatu zenye malimbikizo ilimchukua mzee wao Julai. Walisema wamepata nafasi nyumbani. Pengine. Nyingine ilianza kulipa, ya tatu bado inaahidi.

Mwalimu alipiga hesabu yake mwenyewe. Hakutaka binti amwongezee. Aliniambia, "Nikianza kuongezewa, nitaanza kuamuliwa." Akamwendea bibi wa namba 9, wakaelewana kwa Kiswahili cha sokoni na ishara, akahamia kwake kwa hiari, na kwa 60,000 ya chumba ada yake ya Desemba ikawa 305,000. Anabaki na elfu kumi na tano. Ni kidogo kuliko arobaini ya zamani, na dawa za presha hazijui hilo. Chumba namba 2 kilipata mzee mwingine kabla ya Oktoba kuisha, na hiyo ndiyo iliyomfanya mwenye kituo aache kunilaumu kwa ile hesabu ya wawili chumba kimoja.

Mnada wa kwanza wa korosho Oktoba hiyo ulivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Mtu wa Tandahimba alikuja mwenyewe Novemba, na kanzu mpya, akalipa hadi Machi.

Mjomba nilimwomba radhi siku ile ile ya kalenda. Alisema marahaba, ingawa sikuwa nimemwamkia, akamaanisha yamekwisha. Nakala yake ya barua ameikunja ndani ya msahafu. Mwisho wa Novemba alinipigia kwa simu ya matroni, asubuhi, bado niko nyumbani natafuta soksi.

"Mpwangu, ile elfu ishirini na tano ya mwezi wa kumi na mbili umeiweka?"

"Nimeiweka, mjomba."

"Basi njoo na risiti. Na uwaambie jikoni sukari vijiko viwili, huyu mpya ananitilia kimoja."